Naombeni ushauri: mafunzo ya afya kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu na majirani zao yaandaliweje?

Afisa Afya wa Kata (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni afisa afya katika kata moja ya mkoa wa Geita ambayo riziki ya watu wake, kwa sehemu kubwa, hutoka kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Kwetu kuna maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, kuna makarasha yanayosaga mawe mchana na usiku, na kuna mialo ambako dhahabu huoshwa, hukamatwa kwa zebaki, kisha huchomwa. Mialo kadhaa imepakana na nyumba za watu, na akina mama wanaoponda mawe kwa nyundo huja kazini na watoto wadogo kwa sababu hawana pa kuwaacha.

Mwaka jana taasisi moja ilituletea wakufunzi. Tuliketi siku mbili katika darasa la shule ya msingi, tukaonyeshwa picha kwa projekta, tukagawiwa barakoa na vyeti, tukapiga picha ya pamoja. Wiki tatu baadaye nilipopita kwenye mialo nilikuta barakoa zimetundikwa kwenye misumari, na uchomaji wa dhahabu ukiendelea kwenye majiko yaleyale. Wanawake wa kuponda mawe hawakualikwa kabisa, kwa kuwa hawahesabiwi kuwa waajiriwa wa mtu yeyote, na wapishi wa mama lishe walio upande unaovumiwa na moshi hawakukumbukwa.

Sasa uongozi wa chama cha wachimbaji na halmashauri wameniomba niandae mafunzo mapya yanayofaa mazingira yetu. Bajeti ni ndogo na muda ni robo moja ya mwaka. Je, nianzie wapi? Inafaa watu wote wapewe somo moja au kila kundi liwe na lake? Na baada ya mafunzo nitajuaje kwamba kuna kilichobadilika, zaidi ya kuhesabu majina kwenye karatasi ya mahudhurio?

Mkufunzi wa Usalama Kazini

Ndugu mleta mada, hongera kwa kuuliza kabla ya kuandika. Nimefundisha usalama na afya kazini kwa miaka 14, mwanzoni viwandani na baadaye migodini, na mafunzo unayoyaeleza nimeyaona mara nyingi. Aliyeyaandika hakuwa ameuona mwalo wenu, hivyo alifundisha hatari zilizo kwenye kitabu, akamaliza kwa kugawa barakoa.

Nakushauri utenge siku tatu za kulifuata jiwe kabla hujaandika hata ukurasa mmoja. Lifuate kutoka duarani likiwa ndani ya kiroba, pitia kwa akina mama wanaolipasua, nenda nalo mpaka karashani, kisha mwaloni, kwenye jiko la kuchomea, kwa mnunuzi, na umalizie kwenye lundo la marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa. Katika kila hatua uliza mambo matatu: ni nani anayeifanya kazi hii, anavuta au anashika nini anapoifanya, na ni nani mwingine yupo jirani ingawa hana kazi hapo. Swali la tatu ndilo litakalokupeleka kwa mama lishe, kwa watoto na kwenye kisima, na usipoliuliza utaandaa mafunzo ya wafanyakazi peke yao wakati sumu hiyohiyo inavuka uzio.

Wachimbaji wenyewe wachore ramani ya eneo lao. Wape karatasi kubwa au hata mchanga na vijiti, waonyeshe wapi vumbi linatoka, upepo unavuma kuelekea wapi msimu wa kiangazi, wapi dhahabu inachomwa na wapi watoto wanacheza. Ramani hiyo itakuambia mengi kuliko dodoso la kurasa kumi, na itakuwa ndiyo nyenzo yako ya kufundishia.

Kuhusu vumbi, ugumu wa kufundisha ni kwamba chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazionekani kwa mwanga wa kawaida, kwa sababu unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Mtu anapoliona vumbi zito likitua chini hudhani hatari imekwisha, kumbe chembe ndogo za silika, madini yaliyomo kwenye mawe hayo, bado zinaelea hewani kwa saa nyingi. Usilieleze jambo hili kwa maneno. Ingia kwenye banda la karasha lenye kiza, toboa tundu la msumari kwenye bati mahali jua linapopiga, halafu waache watu wautazame ule mwale huku karasha likisaga mawe makavu. Baada ya hapo lowesha mawe, elekeza bomba lenye matundu kwenye mdomo wa karasha, na wautazame mwale tena. Kama jua halipo, tochi kali usiku inafanya kazi hiyohiyo. Nilipofanya hivyo kwenye karasha moja, mwenye mtambo alisimama muda mrefu bila kusema neno, na kesho yake alitafuta mpira wa maji.

Hapo utaona kwa nini nasisitiza kwamba barakoa iwe ya mwisho katika somo. Kwanza tunauliza kama kazi yenye hatari inaweza kuondolewa au kubadilishwa, kisha kama hatari inaweza kuzuiwa pale inapozaliwa, kwa maji, kwa kufunika au kwa kuhamisha, kisha kama watu wasiohitajika wanaweza kukaa mbali, na ndipo tunapozungumzia vifaa vya kuvaa. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la silika. Ile ya N95, yaani barakoa maalumu ya kuchuja chembe ndogo, huzuia ikiwa imeshika uso vizuri, lakini mtu mwenye ndevu nyingi, au anayebeba kiroba kwenye joto la adhuhuri, hataivaa ipasavyo siku nzima. Lipo jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi: barakoa ya vumbi, hata iwe bora kiasi gani, haizuii mvuke wa zebaki. Mchomaji anayeivaa akidhani amejikinga yuko hatarini zaidi, kwa kuwa atasogea karibu na jiko.

Zebaki nayo ina somo lake. Watu wengi wanaogopa kuishika kwa mikono, na ni vema wasiishike, lakini njia kubwa ya kuingia mwilini ni pumzi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya ule unaovutwa hubaki mwilini. Huathiri ubongo na figo: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu huwa na hasira za ghafla na kusahausahau. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unataja mambo manne ya kukomeshwa katika uchimbaji mdogo: kuitia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu mahali pa wazi, kuuchoma katika makazi ya watu, na kutumia sianidi, kemikali yenye sumu ya kuyeyushia dhahabu, kwenye marudio yenye zebaki kabla ya kuiondoa. Mambo hayo manne yanatosha kuwa mhimili wa mafunzo yako ya uchenjuaji, yaani kazi ya kuitoa dhahabu kwenye mawe. Usiongeze mengine kumi, kwa sababu watu hawatayakumbuka.

Swali lako la makundi lina jibu moja: wagawe. Mchimbaji wa duarani anahitaji kujadili vumbi la kuchoronga, moshi wa baruti na kuta zinazobomoka. Mchomaji anahitaji jiko salama. Mama anayeponda mawe anahitaji maji, kivuli na mahali pa kumweka mtoto. Lakini wenye leseni, wenye makarasha na wenye mialo ndio waanze, tena peke yao, kwani Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuweka mazingira salama. Ukimfundisha kibarua kuomba maji kabla hujamfundisha tajiri wake kuyaweka, unamtafutia kibarua huyo ugomvi.

Mama wa Mwalo

Naomba na mimi niseme kama mmiliki, maana mkufunzi amezungumza vizuri lakini upande wetu una mambo yake.

Mimi nina mwalo kwa mwaka wa tisa sasa. Niliwahi kupewa ritoti bure, kile chombo kilichofungwa chenye bomba la kupozea mvuke ili zebaki irudi kuwa kimiminika. Mtaalamu aliyekileta alitufundisha kwa saa moja namna ya kukifunga na kukifungua, akatueleza kwamba tungeokoa sehemu kubwa sana ya zebaki yetu, akaondoka. Hatukukitumia, na sababu haikuwa ujinga. Dhahabu inayochomwa mwaloni kwangu si yangu peke yangu. Ni ya mwenye duara, ya wachimbaji wake wanaosubiri mgawo na ya mwenye karasha, na wote husimama kulizunguka jiko wakitazama, kwa sababu kila mmoja anaogopa kuibiwa. Ukiiweka ndani ya chuma kilichofungwa hawaioni, na chombo kinahitaji muda kupoa kabla ya kufunguliwa. Ukikifungua kikiwa moto, mvuke unakupata usoni.

Miaka miwili baadaye tulikaa na wachimbaji wenyewe tukatafuta utaratibu. Mchanganyiko unapimwa kwenye mizani mbele ya wote kabla ya kuingia, chombo kinafungwa na mtu waliyemchagua wao, na baada ya kupoa kinafunguliwa mbele yao na kupimwa tena, dhahabu kando na zebaki kando. Walipoiona zebaki imerudi chupani na kukumbuka bei yake, mabishano yakapungua sana. Kwa hiyo, ndugu afisa afya, somo la ritoti lihusu uaminifu na mizani kwa kiasi kilekile linavyohusu afya. Anayefundisha chombo bila kugusa mgawo atarudi kwake akisema wachimbaji ni wabishi.

Jambo lingine ni muda. Wengi wetu hatulipwi kwa siku, tunalipwa kwa kilichopatikana. Kumwita mtu siku mbili darasani ni kumnyima mlo wa siku mbili, na posho ya kikao huwaleta wale wasio na kazi siku hiyo. Njoo wakati watu wanasubiri zamu ya kusaga. Foleni ya karasha ina nafasi nzuri ya dakika 40, nao hawana pa kwenda.

Muuguzi wa Kliniki ya TB

Nashukuru kwa mada hii. Nitasema machache kutoka upande wa hospitali.

Mtu mwenye silikosisi, yaani mapafu yaliyopata makovu kwa vumbi la silika, ana hatari ya kupata kifua kikuu inayofikia mara tatu ya mtu asiye nayo, na akiwa pia na virusi vya UKIMWI hatari hiyo hupanda zaidi. Silikosisi haina tiba ya kuirudisha nyuma, na inaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kazi. Kifua kikuu kinatibika, na dawa zake hutolewa bure. Tatizo ninaloliona ni kwamba mchimbaji anakuja akikohoa, makohozi yake hayaonyeshi vimelea, anaanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia picha ya kifua tu, anamaliza miezi sita, bado anakohoa, anaanzishiwa tena. Katika mlolongo huo wote hakuna aliyemuuliza amefanya kazi gani maishani na kwa miaka mingapi.

Ndiyo maana naomba kundi mojawapo la mafunzo yako liwe watumishi wa zahanati na kituo cha afya cha hapo katani. Wafundishwe kuuliza historia ya kazi na kuiandika kwenye faili, kutofautisha dalili na kujua wapi pa kumpeleka mgonjwa. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ambayo imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, imewaona kwa miaka mingi wachimbaji wa tanzanaiti kutoka Mirerani, na uzoefu huo unatufaa hata sisi wa Kanda ya Ziwa. Kama mchimbaji ana mwajiri anayetambulika, historia hiyo iliyoandikwa inaweza pia kumsaidia katika madai ya fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Bila maandishi, mjane wake hatakuwa na la kuonyesha.

Tena, usisahau nyumbani. Nguo za kazi zenye vumbi na zebaki hufuliwa pamoja na nepi za mtoto, katika beseni moja. Mjamzito akae mbali kabisa na uchomaji, kwa kuwa zebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Somo hili wapewe wake kwa waume, maana mara nyingi mwanamume ndiye anayeamua jiko la kuchomea liwe wapi, na kuna nyumba ambazo jiko hilo ndilo linalopikiwa ugali.

Afisa Afya wa Kata (mleta mada)

Nimejifunza mengi kwa siku mbili hizi, na ninawashukuru sana, hasa dada yetu mwenye mwalo, kwa kuwa jambo la mgawo sikulifikiria hata kidogo.

Nimeanza kulifuata jiwe kama nilivyoelekezwa. Jana nimekuta kwamba mnunuzi mmoja wa dhahabu huichoma tena kwenye duka lake lililo katikati ya senta ili kutoa zebaki iliyobaki, na dirisha la nyuma linatazama darasa la chekechea. Hilo halikuwemo kwenye mpango wangu.

Nina swali moja zaidi. Peke yangu siwezi kufika kwenye mialo na makarasha yote. Nimefikiria kuwafundisha wachimbaji wachache ili nao wawafundishe wenzao, lakini naogopa ujumbe utapungua kila unapopita kwa mtu mwingine. Pia wengine hawasomi vizuri, na wengine Kisukuma kinawafaa kuliko Kiswahili.

Mwalimu Mstaafu wa Elimu ya Watu Wazima

Mwanangu afisa afya, hofu yako ni ya kweli, lakini nchi hii imewahi kuikabili. Mwaka 1973 tuliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza ualimu, na nikapangiwa kusimamia vikundi vya kijiji kimoja. Watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki nchini kote kwa muda wa wiki 12. Viongozi wa vikundi walifundishwa kwa ngazi, kutoka juu hadi vijijini, na ni kweli kwamba maarifa yalipungua yalipokuwa yakishuka. Kilichotuokoa ni kwamba kiongozi wa kikundi hakuwa chanzo cha somo. Somo lililetwa na redio na kitabu kidogo kilichosomwa kwa sauti, na kazi ya kiongozi ilikuwa kuuliza: je, jambo hili lipo kwetu, na sisi tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Wiki iliyofuata kikundi kilianza kwa kwenda kukagua choo kilichochimbwa au kichaka kilichofyekwa.

Fanya hivyohivyo. Usiwageuze wachimbaji kuwa wahadhiri. Wape somo lililokwisha kurekodiwa, la dakika tano au sita, kwenye simu zao, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu wanayemjua. Likishasikilizwa, kiongozi aulize maswali mawili tu, na kikundi kikubaliane tendo moja la wiki hiyo. Picha utakazotumia zipigwe kwenye mialo yenu, na ziwe za mambo mazuri ambayo mtu wa hapo amekwisha kuyafanya, kama ule utaratibu wa mizani. Shirika la Kazi Duniani lina mbinu za mafunzo kwa karakana ndogo na kwa wakulima ambazo zimejengwa juu ya wazo hilohilo la kuanza na mifano mizuri iliyopo jirani. Mtu akiona kwamba mwenzake wa ng'ambo ya barabara ameweza, hana sababu ya kusema ni mambo ya wazungu.

Katika kuchagua viongozi, usimchukue mwenye kusema sana mkutanoni. Waulize watu: karasha likiharibika usiku, mnamwita nani? Huyo anayeitwa ndiye unayemhitaji. Na upande wa akina mama wa kuponda mawe, hakikisha kiongozi ni mmoja wao.

Mkufunzi wa Usalama Kazini

Nakubaliana na mwalimu wetu kwa kila neno, na nitajibu swali la kupima ambalo hatujaligusa.

Mtihani wa mwisho wa mafunzo hupima kumbukumbu ya siku hiyo. Wewe unahitaji kupima matendo. Kabla ya somo la kwanza, pita bila taarifa ukahesabu: makarasha mangapi yanasaga mawe makavu, mara ngapi umekuta uchomaji wa wazi, majiko mangapi yapo ndani ya nyumba au jirani na chakula, watoto wangapi wapo penye vumbi. Andika tarehe na saa. Rudia hesabu hiyohiyo baada ya mwezi mmoja, mitatu na sita, ukipita siku tofauti na wakati tofauti, usiku ukiwemo, kwa sababu karasha lenye maji asubuhi linaweza kukosa maji saa nne usiku. Usitegemee kuona silikosisi ikipungua katika robo ya mwaka, kwani ugonjwa huo kwa kawaida huchukua miaka kumi au zaidi kujitokeza, ingawa vumbi likiwa jingi sana huja mapema. Utakachokiona upesi ni vumbi lenyewe na moshi wenyewe.

Matokeo yabandikwe mahali pa wazi pa kila mwalo, kwa alama ambazo asiyesoma anazielewa, bila kumtaja mtu kwa jina. Na pale ambapo hesabu haibadiliki, usikimbilie kurudia somo. Rudi uulize kinachozuia. Mara nyingi utakuta maji hayapo au pampu imeharibika, na hapo fedha ya vitabu vya mafunzo ni heri inunue tangi.

Kuhusu yule mnunuzi wa senta, usimsubiri robo ya mwaka. Mwone wiki hii, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa na mwalimu wa ile chekechea, na mwende mkiwa tayari mmetazama eneo jingine, mbali na watu, ambapo anaweza kuchomea. Muulize kwanza yeye mwenyewe amekuwa akijisikiaje mikononi na usingizini.

Afisa Afya wa Kata (mleta mada)

Nimemwona leo asubuhi. Alinyoosha mikono mezani kabla sijamaliza swali, nayo inatetemeka. Tumekubaliana Alhamisi aende kwenye kituo cha afya, na Ijumaa tukakague kiwanja kilicho nyuma ya soko la zamani la mifugo, ambako hakuna nyumba upande unaoelekewa na upepo.